Mechi ambayo kila mtu anasema tutashinda

Kisumu, Alhamisi jioni

Atieno mwanangu,

Salamu nyingi. Nyumbani hatujambo, mvua inanyesha karibu kila jioni, na mamako anakusalimu.

Unaniuliza mbona chakula hakishuki tangu jana, wakati Jumapili K'Ogalo, Gor Mahia wetu, wanacheza hapa kwenye uwanja wa Mamboleo na timu inayoburura mkia kwenye ligi, na kabla ya Mashemeji debi, ile mechi yetu na mahasimu wetu Ingwe, yaani AFC Leopards, hukuwa hivi. Mimi sishangai. Mechi ya Ingwe ina mlango wa kutokea: mkifungwa utasema wale nao wanajua mpira. Hii ya Jumapili haina mlango. Ushindi hautakupa sifa yoyote kwa sababu kila mtu ameshauhesabu. Sare itakuwa aibu. Na kichapo kitakufuata hadi darasani huko Kakamega, ambako mashabiki wa Ingwe hawakosi hata kwenye foleni ya chapati. Cha kupata ni kidogo, cha kupoteza ni kikubwa, na tumbo huijua hesabu hiyo kabla ya kichwa.

Sasa wewe unasoma takwimu, kwa hiyo chukua kikokotoo. Tuseme timu kali hufunga wastani wa mabao 2 ikiwa nyumbani, na mgeni wa namna hii hufunga wastani wa 0.7. Pitisha kwenye fomula ya Poisson, ile inayokadiria uwezekano wa kila idadi ya mabao ukishajua wastani. Kati ya mechi 100 utapata timu kali imeshinda 68, imetoka sare 20, imepoteza 12. Hapo hakuna aliyeloga wala aliyeuza mechi. Mpira una mabao machache, na mchezo wenye mabao machache humwachia mnyonge nafasi, tofauti na mpira wa kikapu ambako aliye bora ana muda wa kutosha kuonyesha ubora wake. Mtu anayekwambia "tutashinda kwa hakika" amezisahau zile mechi 32. Anayekwambia "nahisi tutafungwa" amezisahau 68, na huyo ndiye wewe wiki hii.

Mifano unayo. Novemba 2022, kwenye Kombe la Dunia, Argentina waliingia kucheza na Saudia wakiwa hawajapoteza mechi 36. Messi akafunga penalti dakika ya 10, mabao mengine matatu yakakataliwa kwa kuotea kabla ya mapumziko, kisha Saudia wakafunga mawili ndani ya dakika tano hivi baada ya kurudi uwanjani. Ikaisha 2-1. Argentina hao hao ndio waliobeba kombe. Na hapa kwetu, Agosti 2025 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, Harambee Stars, timu yetu ya taifa, waliongoza kundi lenye Moroko na Kongo bila kufungwa mechi hata moja, wakaipiga Moroko 1-0 wakiwa pungufu kwa mtu mmoja, halafu robo fainali wakatoka 1-1 na Madagascar na kuondolewa kwa penalti 4-3. Moroko ndio waliotwaa kombe. Ukitaka kujua kwa nini nchi nzima ilinyamaza usiku ule, sababu ni kwamba Madagascar ndiyo mechi ambayo watu walikuwa wameshaivuka kichwani.

Fomula hiyo hiyo ina jambo jingine, na hili ndilo ningependa uje nalo uwanjani. Timu ya wastani wa mabao 2 huenda mapumziko bila bao lolote kama mara 37 kati ya 100. Zaidi ya mechi moja katika kila tatu! Na kati ya hizo 37, katika mechi kama 23 bao huja kipindi cha pili. Kwa hiyo 0-0 saa ya mapumziko bado si habari mbaya. Ni hali ya kawaida kabisa, ila jukwaani huchukuliwa kama msiba.

Angalia sasa jinsi mechi hizi zinavyoharibika, maana haziharibiki ovyo, zina njia yake. Mgeni atapaki basi, yaani atajaza watu wote nyuma kulinda goli. Utaona mabeki watano wamesimama kwenye ukingo wa kisanduku, viungo wanne hatua kumi mbele yao, na mtu mmoja wa mbio ameachwa peke yake karibu na mstari wa kati. Katikati kutakuwa kumebanwa, pembeni tutaachiwa wazi. Tutaachiwa kwa makusudi. Winga wetu atapokea mpira, jukwaa zima litapiga kelele "weka ndani!", naye ataweka krosi ya juu kutoka mbali. Krosi hiyo ndiyo wanayoiomba. Beki wa kati mrefu amesimama, uso wake uko kwenye mpira, halazimiki hata kukimbia. Anaruka, anapiga kichwa, mpira unarudi mguuni mwa kiungo wao. Ikipigwa ishirini kama hiyo, gazeti litaandika kwamba tulishambulia sana.

Mpira unaofungua basi ni mwingine. Ni ule unaopenyezwa hadi karibu na mstari wa goli, kisha unarudishwa nyuma chini chini kuelekea alama ya penalti, mita 11 kutoka golini. Wakati huo mabeki wote wanakimbilia goli lao wenyewe, macho yako kwenye mpira, na hawamwoni anayeingia nyuma yao. Kwa hiyo dakika 20 za kwanza achana na kuhesabu kona na umiliki wa mpira. Hesabu ni mara ngapi tumepita nyuma ya beki wao wa pembeni. Zikifika tatu au nne, tulia hata kama ubao unasoma 0-0, kwa sababu mashine inafanya kazi. Ikiwa ni sifuri na tumeshapiga krosi tisa, hapo wasiwasi wako una haki, ingawa pia hautasaidia kitu.

Kona nazo zinadanganya. Ni kama tatu au nne tu kati ya mia zinazozaa bao, lakini kila kona tunayopiga mabeki wetu warefu wanapanda mbele. Mpira ukiokolewa vibaya kwetu, yule mtu wa mbio aliyeachwa katikati anakuta uwanja mtupu. Bao la timu ndogo kwenye mechi ya namna hii mara nyingi huanzia hapo, au kwenye frikiki ya kijinga iliyotolewa pembeni na kiungo aliyechoka. Kila tukipata kona, hesabu waliobaki nyuma. Wawili dhidi ya mmoja wao ni kucheza kamari. Watatu ni akili.

Halafu kuna muda. Kipa wao ataanguka dakika ya 55, atafunga kamba za viatu dakika ya 63, atabadilisha upande wa kupigia mpira wa goli dakika ya 70. Sheria imebadilika tangu Julai 2025: kipa akishika mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona. Zamani ilikuwa sekunde 6 na adhabu yake ilikuwa frikiki isiyo ya moja kwa moja, ambayo marefa wengi hawakuthubutu kuitoa. Sasa refa huinua mkono na kuhesabu sekunde 5 za mwisho waziwazi. Mwangalie refa, usimwangalie kipa. Kumpigia kipa miluzi ndiyo furaha yake, kwa sababu mkikasirika nyinyi, wachezaji wetu nao wanaharakisha.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Bundesliga, ligi ya Ujerumani, iliporudi mwaka 2020 ikachezwa bila watazamaji, faida ya kucheza nyumbani ilipungua. Maana yake jukwaa lina uzito kweli, na uzito huo unaweza kwenda upande wowote. Kuanzia dakika ya 30 hivi utasikia manung'uniko kila pasi ikirudishwa nyuma. Pasi ya nyuma ndiyo inayohamisha basi: mpira unatolewa kulia, unarudi katikati, unapelekwa kushoto, na beki wao mmoja anachelewa hatua mbili. Kijana wa miaka 20 akizomewa kwa pasi hiyo, inayofuata ataipiga mbele kwa mbali, na mpira umepotea. Wanaoimba nyimbo zile zile mwanzo hadi mwisho, hata mchezo ukiwa mbovu, wanaisaidia timu kuliko wanaojua mbinu zote na kuzitangaza kwa sauti. Kaa karibu na wanaoimba.

Na tukipata bao? Utaona wasiwasi unazidi badala ya kupungua. 1-0 dhidi ya timu dhaifu ndiyo matokeo yanayochosha moyo kuliko yote. Mwaka 1987 Gor walirudi Nairobi na sare ya 2-2 waliyoipata Tunis dhidi ya klabu ya Espérance; 0-0 au 1-1 ingewatosha. Ikawa 1-1, wakabeba Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini. Katika sare kama ile bao moja tu la mgeni lingegeuza kila kitu. Kwa hiyo wazee wakikwambia zamani walikuwa wakishinda kwa raha, cheka tu.

Kwa upande wa mwili, mambo ni machache. Wasiwasi wa Jumapili ni adrenalini: moyo unakwenda mbio, tumbo linasimama, mikono inalowa jasho. Chai kali ya asubuhi vikombe vitatu inaongeza yale yale, basi kunywa kimoja. Kula kabla ya kuondoka, kitu chepesi chenye wanga, viazi vitamu au uji, kwa sababu ukienda na njaa utadhani ni hofu. Jua la Mamboleo la saa tisa alasiri si mchezo, beba maji lita moja na kofia. Ukiona kifua kinabana, vuta pumzi kwa puani hesabu 4, itoe polepole hesabu 6, rudia mara kumi. Kinachoshusha mapigo ni ule utoaji mrefu. Usiku wa Jumamosi toka kwenye makundi ya simu saa tatu. Hakuna habari mpya ya mechi inayotolewa saa sita za usiku, ni watu wanatishana.

Baba yako mdogo ni jambo jingine. Ana presha, na hili si la utani. Kombe la Dunia la 2006, watafiti wa Munich walikuta kwamba siku Ujerumani ilipocheza dharura za moyo mjini humo na viunga vyake zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na zilizidi hasa katika saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza. Hakikisha amemeza dawa yake asubuhi, na asiguse bia kabla ya mchezo. Akilalamika maumivu ya kifua yanayopanda begani au kwenye taya, au akitokwa na jasho baridi, mpelekeni kwa watu wa huduma ya kwanza hapo hapo, hata kama ni penalti yetu.

Kubeti, usibeti. Najua wenzako watakuonyesha odi ya 1.40, yaani ukiweka shilingi 100 unalipwa 140, na kusema ni pesa ya bure. Gawanya 1 kwa 1.40, utapata 0.71, na kampuni imeshakata chake humo, kwa hiyo uwezekano wenyewe ni mdogo kuliko huo. Wakiunganisha mechi nne za 1.40 kwenye mkeka mmoja, yaani tiketi moja ya kubeti, malipo ni mara 3.84, na nafasi ya zote nne kuingia ni kama robo. Wasiwasi wa timu unatosha, usiuongezee wa nauli ya kurudi chuo.

Ile jezi usiyoifua tangu ushindi wa mwisho, vaa. Haisaidii, lakini haidhuru, ila waliokaa jirani watakuwa na maoni yao.

Dakika ya 75 ikifika bado 0-0, tazama benchi. Kocha akimtoa beki na kuingiza mshambuliaji wa pili, mpira utaanza kudondoka kisandukuni na beki wao mrefu atakuwa na watu wawili wa kuwalinda badala ya mmoja. Usiondoke kuwahi matatu. Mei 2012 Manchester City walikuwa nyuma 2-1 nyumbani dakika 90 zikiisha, dhidi ya timu ya QPR waliobaki wachezaji kumi, na walihitaji ushindi ili wawe mabingwa. Walifunga mawili katika dakika za nyongeza. Na kupoteza muda kote kule kwa kipa, refa akiwa mkali, hurudishwa hapo mwishoni.

Ukitoka Kakamega ondoka kabla ya saa tano, maana Chavakali na Majengo hujaa siku za mechi. Mwambie makanga mapema kwamba unashuka Mamboleo, usipelekwe hadi mjini kisha uanze kutafuta tuktuk ya kurudi. Baba mdogo atakungoja upande wa barabara ya Miwani kuanzia saa saba, na tiketi yako anayo yeye.

Babako