Andikeni siku homa ilipoanza

Mhariri,

Kidingapopo (dengue, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu) kinaporudi Mombasa, kama kilivyofanya 2013, watafiti wa vyuo vikuu huzunguka zahanati wakikusanya damu, na baadaye lawama huangukia vipimo: eti vinakataa ugonjwa na mtu yu hoi kitandani. Mara nyingi kipimo hakina kosa. Kosa liko kwenye fomu, kwenye mstari unaouliza homa ilianza lini, ulioachwa mtupu au kujazwa tarehe ya kutolewa damu.

Tarehe hiyo ndiyo inayoamua kipimo. Virusi hupatikana kwenye damu takriban siku tano za mwanzo za homa. Hapo ndipo PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, huvinasa na kubainisha ni aina gani kati ya nne. Antijeni ya NS1, protini inayotokana na virusi, huonekana tangu siku ya kwanza hadi kama wiki. Kingamwili za IgM, zile za mwanzo ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, huchomoza siku ya nne au ya tano, kisha hukaa miezi miwili mitatu. Basi NS1 ikikataa siku ya nane haijakanusha kitu, na IgM ikikubali siku ya pili huenda inasimulia homa ya mwezi uliopita.

Na tarehe yenyewe haipatikani kirahisi. Mgonjwa hujibu "tangu juzi", na juzi yetu ni pana. Usiku ndio mtego mkubwa zaidi. Kwa Mswahili siku huanza jua likitua, hivyo aliyeshikwa na homa "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi baada ya magharibi. Karani anayefuata kalenda ya ukutani ataandika Ijumaa, na siku nzima imepotea. Aulizwe kwa matukio: Ijumaa uliweza kwenda kuswali? Uliamka nayo au ilikujia jioni? Kisha iandikwe tarehe kamili, si "siku tatu", maana msomaji wa fomu hatajua zimehesabiwa kuanzia wapi.

Damu nayo ina adabu zake. Mililita 5 kwa mtu mzima zinatosha, katika chupa ya kifuniko chekundu. Ile ya kijani ina heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo huvuruga PCR. Chupa nyekundu isimamishwe wima nusu saa damu igande, izungushwe kwenye mashine dakika 10, serumu, yaani majimaji yanayobaki juu, igawiwe vichupa viwili. Damu nzima isigandishwe kwa baridi: chembe hupasuka na serumu hutoka nyekundu. Kosa hili hutokea hata bila friza, chupa ikilazwa juu ya barafu yenyewe ndani ya kasha. Gazeti lililokunjwa linatosha kuzitenga. Jina liandikwe kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu wino wa biro huondoka na maji ya barafu. Serumu itakayofika maabara siku hiyo hiyo, hata ikikwama foleni ya feri Likoni, huvumilia nyuzi 2 hadi 8. Ya kukaa siku nyingi inataka nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani, ambayo stima ikipotea huyeyusha na ikirudi hugandisha upya, huharibu kile hasa kinachotafutwa.

Fomu iulize pia chanjo ya homa ya manjano, ambayo mabaharia wetu wengi wamechanjwa. Virusi vyake na vya kidingapopo ni vya ukoo mmoja na kingamwili zao huchanganyana. Chikungunya, yenye jina la Kimakonde la mtu aliyepindwa na maumivu, huenezwa na mbu yule yule, nayo ilizuka hapa mwishoni mwa 2017. Zipimwe zote mbili, na malaria isiachwe, ila malaria ikipatikana haimaanishi kidingapopo hakipo. Wakati majibu yanasubiriwa, mgonjwa apewe paracetamol. Aspirini na brufen huongeza hatari ya kuvuja damu.

Linalosahaulika kabisa ni damu ya pili, siku 10 hadi 14 baada ya ile ya kwanza, ili kuona kama kingamwili zimepanda. Mgonjwa aliyepona harudi kutobolewa mkono bure. Nauli yake ya matatu iwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, na siku akirudi akabidhiwe jibu la damu ya kwanza, kwa maandishi, kwa Kiswahili.

Wafanyakazi wa maabara,
Mombasa