Vipaumbele vya vijiji visikusanywe katikati ya msimu wa korosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lawama ambayo sisi wakazi wa vijijini, Mtwara na Lindi, tunatupiwa kila mwaka, kwamba hatuhudhurii mikutano mikuu ya vijiji kwa sababu tumekosa mwamko. Mimi ni mkulima wa korosho wilayani Tandahimba, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni wakati ambao mikutano hiyo inaitishwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na ili bajeti ya halmashauri ya wilaya iwahi kupita katika vikao vyake, vipaumbele vya vijiji mara nyingi hukusanywa katika mikutano hiyo kati ya Oktoba na Desemba. Hiyo ndiyo miezi ambayo korosho zinaokotwa, zinaanikwa, zinapelekwa ghala la chama cha msingi cha ushirika na kuuzwa mnadani. Familia nyingi hulala shambani kipindi hicho, maana korosho zikinyeshewa kabla ya kuokotwa hushuka daraja, na shamba lisilo na mtu halikosi wezi. Tangazo la mkutano likibandikwa Jumatatu kwa ajili ya Jumatano saa nne asubuhi, nani wa kulisoma? Wanaofika ni wajumbe wa halmashauri ya kijiji, wazee wanaoishi jirani na ofisi, na wachache waliofuata barua ya mtendaji kwa shida zao. Hao ndio wanaoamua kama kijiji kianze na zahanati au kisima, na uamuzi wao huandikwa kwenye muhtasari kuwa ni wa wananchi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wasiokuwepo ndio wachangiaji wakubwa wa bajeti yenyewe. Ushuru wa mazao, asilimia 3 ya bei ya korosho, huingia halmashauri na ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya mapato yake ya ndani katika wilaya zetu. Mkulima ambaye zao lake linaleta fedha hiyo ana haki ya kusema ikafanye nini, na haki hiyo haitokani na hisani ya kiongozi yeyote. Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano wa kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kuwa ndicho chombo cha juu cha kuamua sera na mambo ya jumla ya kijiji.

Nimehudhuria mikutano ambayo taarifa ya mapato na matumizi iliwekwa karibu na mwisho wa ajenda, ikasomwa haraka jua likiwa limeshakuwa kali na akina mama wenye watoto wadogo wakiwa wameanza kuondoka. Maswali yalisukumwa kwenye "mengineyo", kisha mkutano ukafungwa. Mtu aliyefanyiwa hivyo mara mbili atarudi kufanya nini mara ya tatu? Taarifa ya fedha isomwe kwanza, kitongoji kwa kitongoji wananchi waulize, kisha ndipo tuzungumzie michango mipya ya kumalizia maboma ya madarasa.

Kwamba watu wetu hujitokeza wanapoona uamuzi ni wao, hilo halihitaji mfano wa mbali. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu ya vijiji, vikajiwekea utaratibu wa kuilinda na kuivuna, na mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila wanakijiji kukaa chini, kubishana na kukubaliana.

Ninachoomba kwa halmashauri za mikoa yetu miwili ni kwamba mkutano wa vipaumbele ufanyike Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi, na uitishwe baada ya swala ya alasiri, wapuliza dawa ya mikorosho wakiwa wamesharudi nyumbani. Tangazo litoke siku saba kabla, lisomwe misikitini na makanisani na libandikwe kwenye maghala ya vyama vya msingi, kwa kuwa ubao wa ofisi ya kijiji hausomwi na wengi. Kwa vijiji vya wavuvi, wao wenyewe waulizwe siku zinazowafaa, kwani bahari ina ratiba yake. Nasi wananchi tusiishie kijijini: mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa umma, na ni vyema kila kata itume watu wachache wakamsikilize diwani wao akitetea walichokubaliana.

Waraka mmoja wa mkurugenzi wa halmashauri kwa watendaji wa kata na vijiji, ukitoka kabla ya Agosti, unatosha kuanzia.

Msomaji wako,
Mkulima, Tandahimba, Mtwara