Barua kwa walimu wenzangu mnaosubiri kikokotoo

Ndugu zangu walimu wa Muheza na kwingineko, mliovuka hamsini na tano,

Salaam. Mwezi uliopita nilipita shuleni kwenu kusalimia, nikakaa ofisi ya walimu saa nzima, na saa nzima mazungumzo yalikuwa kikokotoo, hiyo kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Nani alilipwa mkupuo, yaani malipo ya mara moja, wa asilimia 33 tu kwa kanuni ya Julai 2022, nani atafaidi asilimia 40 ya bajeti ya 2024. Sikuwalaumu. Ni jasho lenu, lidaini. Ila niliondoka na neno kooni, na kwa kuwa mlininywesha chai sikutaka kulisema palepale.

Mimi nilistaafu 2019, kanuni za zamani zikiwa zimerudishwa. Nilipata mkupuo wa nusu, hiyo asilimia 50 mnayoililia. Haukumaliza miezi ishirini.

Nilinunua haisi ya abiria. Mtu mzima niliyefundisha Hisabati miaka 39, nikawa nakaa kibarazani kila jioni kusubiri dereva alete hesabu. Siku tatu ataleta. Ya nne tairi, ya tano askari, ya sita simu haipatikani. Injini iliponoki, gari lilikuwa limeshakula hata pesa ya bati. Dereva nilimsema sana wakati ule, lakini mwenye kosa ni mimi. Sikuwahi kufanya biashara ya gari hata siku moja, nikaenda kujifunzia kwa pesa ya uzee.

Hata hivyo, haisi haikuniuma kama Jumatatu ya kwanza. Niliamka saa kumi na moja, nikaoga, nikachomekea shati, nikapiga viatu kiwi. Mama watoto akaniuliza naelekea wapi. Nikasema nakwenda kununua vocha. Nikaenda dukani na viatu vinavyong'aa, nikanunua vocha ya mia tano, nikarudi. Ilipofika wiki ya tatu nilikuwa nimeanza kukagua jiko kama mkaguzi wa shule: mkaa unaisha upesi, kitunguu kinakatwa vipande vikubwa. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, hapa hakuna wanafunzi."

Basi nikakokotoa. Mtu wa miaka 60 akijaliwa kufika 75 ana asubuhi 5,475. PSSSF, mfuko wetu wa watumishi wa umma, italipa pensheni yako ya kila mwezi. Hizo asubuhi hakuna mfuko unaozilipia. Miaka yote kengele ilituambia twende wapi, hatukuwahi kujiuliza. Ukikosa cha kufanya ukiwa na mkupuo benki, kila anayekuja na wazo la mradi utamwona malaika. Mimi ndivyo nilivyoiona haisi.

Kwa hiyo anzeni sasa, mshahara ukiwa bado unaingia. Hapa kwetu mnajua michungwa: mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Jirani yangu alipanda ekari moja akiwa na 54, akilima mahindi katikati ya mistari, na siku anakabidhi ofisi alikuwa ameshauza msimu wa kwanza. Hakutajirika, wachuuzi wanajua kupunja. Lakini kila asubuhi ana mti wa kwenda kuutazama. Mimi nilipanda nikiwa na 61.

Na kabla hujaamua, jijaribu. Likizo ya Desemba ishi kama mstaafu: tumia kiasi kile tu unachokadiria kuwa pensheni yako, na fanya kazi hiyo unayosema utaifanya. Ukiichoka wiki ya pili, umeponea chupuchupu na hujapoteza shilingi.

Makaratasi sitayasemea sana. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda vyeo, vyote viwe kwenye faili moja nyumbani, na majina yafanane na ya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Anayekupigia simu akisema mafao yako yameiva, utume kidogo yafunguliwe, mkatie. Na mnaoishi nyumba za shule, mnajua wenyewe kwamba siku moja mtazikabidhi.

Mkiniuliza nafanya nini sasa: nina wanafunzi wanne wa QT, ule mtihani wa maarifa wa watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima, jioni tatu kwa wiki hapa kibarazani. Mmoja anauza samaki sokoni, mwingine ni bodaboda, na hunipigia honi kabla hajafika ili nitoe ubao. Wananilipa wanachoweza, wakati mwingine dagaa. Viatu napiga kiwi tena, na mama watoto amerudishiwa jiko lake.

Jumamosi tunaingia kwenye logarithimu, na nakiri zimenitoka kidogo. Mwenye majedwali ya zamani ya tarakimu nne aniletee. Chai ipo, na safari hii ni zamu yangu.

Ni mimi kaka yenu,
Mwalimu mstaafu, Muheza