Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapiga picha za ndege, assalaam aleikum.

Shughuli za kawaida mnazijua: tulikwenda mdomo wa mto Sabaki, tukaenda msitu wa Arabuko-Sokoke, tukafanya maonyesho ya picha. Sitayarudia.

Lililozua maneno ni shindano la kupiga picha za ndege kutoka dirishani, wakati wa kusi, upepo wa kusini. Kamati iliamua, nami niliunga mkono tangu mwanzo, kwamba picha ya ndege aliyevutwa kwa makombo isipokelewe. Chambo kiwe beseni la maji tu. Nimeitwa dikteta kwenye kundi letu la WhatsApp. Sawa, lakini sababu zisikizwe.

Makombo ya ugali, wali na mkate huita kunguru. Hawa wa shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wakaenea pwani, na hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kunguru akishajua dirisha gani lina wali, hurudi na wenzake. Ndege wadogo kama chozi, shore na mnana huhama.

Mnaosema maji nayo huita kunguru, tazameni mlivyoliweka beseni. Kina kisizidi sentimita 4. Likae juu ya nguzo ya mita moja na nusu, paka asilifikie kwa urahisi, na matawi ya bogenvilia yalale juu yake kiasi cha shubiri moja: shore hupenya, kunguru mabawa yanamzuia. Msilitundike kwa kamba, kusi hulitikisa na picha hutoka zimefifia. Maji yabadilishwe kila siku, maana viluwiluwi vya mbu huchukua kama wiki moja kukomaa.

Na picha zilizokataliwa hazikukataliwa kwa chuki. Nyingi zilipigwa kupitia kioo chenye chumvi ya bahari. Kioo huoshwa kwanza kwa maji matamu ndipo kikafutwa. Ukikifuta kikavu, mchanga hukikwaruza. Mdomo wa lenzi ugusane na kioo, uso kwa uso. Ukiilaza mshazari, ndege hutoka na kivuli cha pili. Taa zizimwe, na nyuma yenu pazia jeusi, la sivyo mtapiga picha ya sebule yenu. Wenye dirisha la luva wang'oe vioo viwili tu, kazi ya dakika moja, wala haihitaji fundi. Anayetoka chumba chenye eisi (kiyoyozi) aiache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa, kwani lenzi baridi ikikutana na hewa yetu hushika mvuke.

Kasi ya kamera isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, maana kusi hutikisa tawi hata ndege akitulia. Kwa hiyo pandisheni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600 bila woga. Chengachenga kwenye picha ni afadhali kuliko jicho lisiloonekana. Dirisha la magharibi ndilo la asubuhi, jua likiwa mgongoni, ila beseni liwe nje ya kivuli cha nyumba. Hapo ndipo wengi walipoanguka, na nililisema mapema.

Mahudhurio yanasikitisha. Daftarini tuko 41. Waliolipa ada ya shilingi 1,500 ni 17. Mkutano wa Agosti walifika 9, chai ya watu 30 ikamwagwa. Yaliyoingia ni shilingi 25,500, yaliyotoka 21,800 kwa ukumbi, chai na kuchapisha picha, zimebaki 3,700. Anayedai chama kinunue lenzi ya pamoja ya milimita 400, ya kuvuta vya mbali, apige hesabu mwenyewe. Katika wanaopinga uamuzi wa makombo kwa sauti kubwa, watatu hawajalipa tangu mwaka juzi. Majina ninayo, sitayasoma.

Mwakani, inshallah, kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia na ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya wakiwa hapa, tunatumaini kufanya jambo juu yao. Kamati itaangalia ni jambo gani. Ombi la kuruhusu papai kama chambo litajadiliwa pia, ingawa msimamo wangu mnaujua, na kunguru papai hula. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti