Risala ya chama cha kufa na kuzikana kwa mgeni rasmi, Philadelphia

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwenyekiti na viongozi wenzangu,
Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama na watoto wetu,
Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanachama wote nakushukuru kwa kuacha kazi zako za ubalozini Washington na kupanda treni katika baridi hii kuja kuketi nasi. Sisi tumezoea kukutana msibani. Leo ni mojawapo ya siku chache ambazo hakuna aliyejifunga kanga ya msiba. Chama kinatimiza miaka 10, na harufu hiyo unayoisikia ni ya pilau iliyoinjikwa tangu alfajiri.

Mheshimiwa mgeni rasmi, risala nyingi huanza na historia ya chama chenyewe. Tunaomba ruhusa tuanze mbali zaidi, mwaka 1787, kwa sababu miongoni mwa vyama vya kwanza vya kusaidiana vya watu weusi katika nchi hii, kimoja kilizaliwa mji huu huu, na katiba yetu imeokota mengi kwake.

Tarehe 12 Aprili mwaka huo watu wanane walikubaliana kuunda Free African Society, yaani Chama cha Waafrika Huru. Waliotangulia ni Absalom Jones na Richard Allen, wote wawili waliozaliwa watumwa. Allen alijinunua kutoka kwa bwana wake kule Delaware. Jones alipopata fedha hakuanza kujikomboa yeye. Alimkomboa mkewe Mary, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilimhesabu mtoto kwa hali ya mama yake. Mama akiwa huru, mtoto naye anazaliwa huru. Mwenyewe akabaki mtumwa hadi 1784. Kila nikifika hapo katika habari zake natulia kwanza. Mtu huyu alikuwa ameshaanza kumwekea akiba mtoto ambaye hajazaliwa.

Nia yao ya mwanzo ilikuwa umoja wa dini. Wakaona walio tayari ni wachache, na hao wachache madhehebu yao hayafanani. Basi wakaunda chama kisichouliza mtu anasali wapi, mradi anaishi kwa utaratibu na si mlevi, ili wasaidiane katika ugonjwa na kuwatunza wajane na yatima wao. Humu ukumbini, mheshimiwa, tuna Waislamu na Wakristo, Watanzania, Wakenya na ndugu zetu waliotoka Kivu. Tumeosha maiti na kuvisha sanda, na tumeimba Tenzi kando ya jeneza. Kipengele hicho tumekichukua kama kilivyo.

Kila mwanachama wao alitoa shilingi moja ya fedha kila mwezi. Akishachangia mwaka mzima, na akapatwa na shida ambayo hakujiletea kwa uzembe wake, alipewa shilingi 3 na peni 9 kwa wiki. Naomba tuipige hesabu hiyo, maana bima yote imo humo. Shilingi ilikuwa na peni 12. Mgonjwa mmoja kwa wiki moja alitumia peni 45, na akilala wiki nne ametumia peni 180, ambazo ni michango ya mwezi ya watu 15. Kwa hiyo kila aliyelala alihitaji wazima 15 nyuma yake, wanaotoa bila kuumwa na bila kununa. Ndiyo maana walisubiri mwaka kabla ya kuanza kulipa. Ndiyo maana pia aliyekaa miezi mitatu bila kutoa, akakumbushwa na wenzake wawili na asiwe na sababu, alitolewa. Aliyekosa kikao alitozwa peni 3, isipokuwa mgonjwa. Watoto wa marehemu walilipiwa masomo kama hawakupata nafasi katika shule ya bure, au walipelekwa kwa mafundi wakajifunze kazi.

Uandishi wa daftari na utunzaji wa fedha waliukabidhi kwa mtu wa Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, kanisa ambalo wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua vizuri. Mwaka 1790 waliweka pauni 42 na ushei katika Bank of North America. Fikiria, mheshimiwa: watu ambao juzi tu wenyewe walikuwa wakiandikwa katika hesabu za mali ya watu wengine, leo wana akaunti.

Wazee wetu wa Pwani wanaosikiliza hapa hawatashangaa. Vyama vya ngoma ya beni vya Pwani, vikiwemo Marini na Arinoti, watu huvikumbuka kwa tarumbeta na sare. Lakini mgeni aliyefika mjini bila ukoo akafia huko, wenzake wa ngoma ndio waliomzika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa nieleze sisi tulikuwaje.

Kabla ya chama hiki kulikuwa na kundi la WhatsApp tu. Mtu akifariki, tunachanga. Januari ya mwaka mmoja mwenzetu mmoja, mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, alianguka kazini na hakuamka. Familia nyumbani ikasema mwili urudi, mama yake anamsubiri. Kampuni ya mazishi ikataka malipo ya kuutia dawa mwili, sanduku, vibali na ndege kabla ya kufanya lolote. Tukaanza kupitisha bakuli kwa simu. Siku 19 ndugu yetu alikaa kwenye jokofu huku sisi tukihesabu dola ishirini ishirini. Mimi ndiye niliyempigia mama yake simu kila jioni. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu anakuja lini?" Siku ya kumi hakuuliza tena, alikuwa anapokea simu na kukaa kimya, nami nasikia jogoo wanawika upande wake, maana kwao kulikuwa kunapambazuka.

Mwili ulifika, akazikwa. Wiki mbili baadaye mtu akaandika kwenye kundi: zile hela zilizobaki ziko wapi? Michango yote ilikuwa imepitia kwenye akaunti ya dada mmoja aliyejitolea, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekubali mzigo ule. Alikuwa ameandika majina kwenye simu yake, stakabadhi nyingine zimo kwenye mkoba, nyingine zimebaki kwenye gari la waliompeleka uwanja wa ndege. Alijaribu kueleza usiku mzima kwa sauti za kurekodi. Maneno yakazidi. Akajitoa kwenye kundi na mpaka leo hajarudi kwetu, ingawa tumemwendea mara mbili. Hakuna aliyethibitisha kwamba alichukua hata senti, na mimi niliyekaa naye siku zote 19 naapa hakuchukua. Lakini hatukuwa na ukurasa hata mmoja wa kumkinga nao.

Watu tisa tukakutana kwenye chumba cha chini cha kanisa tulichopewa kwa hisani, tukaandika katiba. Hicho ndicho chama hiki.

Mwaka uliofuata tuliwapeleka watoto kuona kanisa la Mother Bethel, mtaa wa Sixth, ambako Richard Allen amezikwa chini ya jengo lenyewe. Huko ndiko tuliposikia habari ya mwaka 1793, na hiyo ndiyo ninayotaka ikae moyoni mwako utakaporudi Washington.

Kuanzia Agosti hadi Novemba mwaka huo, homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 katika mji huu, takriban mtu mmoja katika kila kumi. Wenye uwezo walikimbia, hata Rais Washington aliondoka, maana wakati ule Philadelphia ndiyo iliyokuwa makao makuu ya nchi. Hakuna aliyejua kwamba ni mbu. Daktari Benjamin Rush aliamini kuwa watu weusi hawapati homa hiyo, na wakaombwa wasaidie. Imani hiyo haikuwa kweli. Walikufa kwa mamia. Hata hivyo Jones, Allen na wenzao waliingia nyumba kwa nyumba wakauguza, wakabeba maiti ambazo ndugu wenyewe waliziogopa, wakazika mamia ya maskini na wageni bila kudai malipo.

Homa ilipokwisha, mchapishaji mmoja aliyejulikana sana, Mathew Carey, akatoa kitabu kinachodai kwamba baadhi ya wauguzi weusi walijitajirisha kwa kutoza bei za juu mno, na wengine waliiba. Mheshimiwa, tuliposikia hapo tulitazamana. Kila mmoja wetu alimkumbuka yule dada.

Lakini Jones na Allen walikuwa na ukurasa. Mwaka 1794 walichapisha majibu yao, na ndani yake wakaweka hesabu. Kwa kazi ya kuzika walipokea pauni 233, shilingi 10 na peni 4. Walitumia pauni 33 kununua majeneza. Waliajiri vibarua watano, watatu kwa siku 70 na wawili kwa siku 63, kwa shilingi 22 na peni 6 kwa siku, jumla pauni 378. Mwanangu aliikokotoa hesabu hiyo kwenye kalamu na karatasi tulipokuwa ndani ya basi tukirudi, ikatoka sawasawa. Ukitoa mapato katika matumizi, walibaki na hasara ya pauni 177, shilingi 9 na peni 8, iliyotoka mifukoni mwao. Meya wa mji, Matthew Clarkson, naye alitoa ushuhuda wa maandishi akisifu mwenendo wao. Imepita miaka zaidi ya 200, na mtu yeyote anaweza kuirudia hesabu ile leo akaridhika.

Chama chenyewe hakikuishi muda mrefu. Allen alikuwa ameshajitoa mwaka 1789, taratibu za ibada za Marafiki zilipoanza kuingia vikaoni, na nguvu ya wengi ikahamia kwenye makanisa mawili yaliyofunguliwa Julai 1794: St. Thomas ya Jones na Bethel ya Allen. Somo hilo nalo tumelishika, tusiingize ibada ya dhehebu moja vikaoni. Kikao chetu kinafunguliwa kwa dakika moja ya kimya, kila mtu akiomba moyoni kwa namna yake, basi. Lakini mbegu ilikuwa imeshamwagwa. Kufikia 1838 mji huu ulikuwa na vyama vidogo kama hivyo 100, vyenye wanachama 7,448.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tangu tuanze tumewasindikiza wenzetu 7, na hakuna aliyezidisha siku 8 bila kuzikwa au kupakiwa. Kila mwezi mwanachama anatoa dola 20, awe na shida asiwe nayo. Mgeni anasubiri mwaka, kama walivyosubiri wale. Fedha ziko benki, kwa sahihi tatu, na kila kikao mweka hazina anasoma mapato na matumizi kwa sauti, mpaka salio la senti.

Yapo yanayotutatiza. Tulipoanza wengi wetu tulikuwa na miaka thelathini na kitu. Sasa magoti yanauma, na vijana waliozaliwa hapa hawajiungi. Kijana wa miaka 25 na mzee wa 64 wanatoa kiasi kile kile, na tunaona wazi kwamba miaka kumi ijayo hesabu hiyo itatuelemea. Hatutaki kuwafukuza wazee na hatutaki kuwakamua vijana. Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni utukutanishe na wataalamu wa bima, wa nyumbani au wa hapa, watukokotolee viwango kwa umri kabla mfuko haujakauka.

Pili, tunaomba ubalozi utoe karatasi moja kwa Kiswahili chepesi inayoeleza hatua kwa hatua nyaraka zinazohitajika kusafirisha mwili, kuanzia cheti cha kifo hadi kupokelewa uwanja wa ndege. Mwenye msiba hana kichwa cha kutafuta mambo hayo usiku wa manane.

Tatu, tunaomba utusemee kwa familia zetu huko nyumbani. Baadhi ya wenzetu wameacha wosia wazikwe hapa hapa, karibu na watoto wao. Ndugu wakisikia hivyo huona kwamba mtu wao ametupwa. Hajatupwa. Tunalijua kaburi lake, tunalifagia, na jina lake tumelichonga kwa Kiswahili.

Mwisho, mheshimiwa, mbele yako pale mezani kuna daftari jeusi lenye kona zilizochakaa. Ndilo daftari letu la kwanza, na limejaa, umebaki ukurasa mmoja. Mweka hazina ameshaandika mapato ya leo na gharama za ukumbi, mchele na nyama. Tunakuomba baada ya chakula uikague hesabu hiyo mbele ya wanachama, na ukiiona iko sawa, utie sahihi yako chini yake.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.