Salamu za Krismasi kwa Walio Zamu

Ndugu, jamaa na marafiki mlio Uingereza na nyumbani, heri ya Krismasi. Naanza na walio zamu: anayemgeuza mzee kitandani saa hizi, dereva wa basi la usiku, na walio nyuma ya maikrofoni, maana nao sikukuu huwakuta kazini.

Krismasi yangu ya kwanza huku sikuwa na mtu. Kesho yake nilikuwa ndani ya gari kuukuu, nje ya nyumba ya wazee, nikisubiri zamu ianze. Redio ya gari ilishika AM tu, yaani mawimbi ya kati, na iliyosikika vizuri ilikuwa talkSPORT, kituo cha michezo, kwenye kilohezi 1089.

Masafa yale yalikuwa ya Radio 1 ya BBC hadi katikati ya 1994. Februari 1995 ikaingia Talk Radio UK, kituo cha biashara cha maongezi matupu, na Januari 2000, chini ya Kelvin MacKenzie, mhariri wa zamani wa gazeti la The Sun, kikageuka kuwa cha michezo, ndiyo hiyo talkSPORT. Kilikula kwa matangazo ya biashara, si kwa ada wanazolipa wananchi kama BBC. Euro 2000, mashindano ya mpira ya mataifa ya Ulaya, ilipofika, haki za redio zilikuwa za BBC, hivyo watangazaji wa talkSPORT wakawa wanaitangaza mechi huku wanaitazama kwenye televisheni. BBC ikawafikisha mahakamani. Zile kelele za mashabiki za kurekodiwa walizoziweka chini ya utangazaji siwezi kuzitetea, lakini ile kiu ya kumfikishia mtu mpira naiheshimu mpaka leo.

Tarehe 26 Desemba kwa Waingereza ni siku ya mpira, tangu enzi na enzi. London jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mechi ya saa tisa alasiri huanza mchana ikaisha gizani. Kwenye AM giza hilo unalisikia. Mchana kuna tabaka la anga linalomeza mawimbi. Jua likitua tabaka hilo hutoweka, na vituo vya mbali huanza kuingia. Kipindi cha pili siku ile, chini ya sauti ya mtangazaji kukawa na mtu anaongea lugha nisiyoijua, na muziki kwa mbali. Nikafuta ukungu wa kioo kwa mkono wa sweta. Mtangazaji akapiga ukelele wa goli, sauti ikafifia, nami nimeshika kitufe nangoja irudi nijue kafunga nani. Iliporudi nilikuwa natabasamu peke yangu.

Nyumbani tulizoea kadi za salamu, jina lako likisomwa redioni mtaa mzima unajua. Basi hii ndiyo kadi yangu. Imfikie mama popote alipo, shangazi na wajukuu wote, wenzangu wa zamu ya usiku, bila kumsahau mtangazaji atakayekuwa uwanjani na baridi yake kesho. Ujumbe: nipo, nawasikiliza.