Mhariri, msiilaumu simu, ulizeni meseji zimehifadhiwaje

Ndugu mhariri, salamu kutoka Ntinda. Ukurasa wenu wa teknolojia uliwaambia watu kwamba programu ya kusoma meseji za vikundi ikianza kukwama dawa ni kununua simu yenye memori kubwa. Hapo mmewaonea wasomaji, maana mtu aliyejibana mpaka akapata simu pale Mutaasa Kafeero, kwenye maduka ya simu mjini Kampala, hana pesa ya kununua nyingine, na tena shida mara nyingi haiko kwenye simu, iko kwetu sisi tunaoandika programu, jinsi tunavyoamua kuweka kumbukumbu ya meseji zipi zimesomwa na zipi bado.

Hili jambo lilishafikiriwa zamani sana. Usenet, mtandao wa zamani wa vikundi vya majadiliano, ilibuniwa 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, na kompyuta za wakati huo zilikuwa na memori ndogo kuliko smatifoni yoyote inayouzwa Kampala leo. Seva, yaani kompyuta inayotunza meseji za wote, inaipa kila meseji namba, na namba zinapanda tu ndani ya kila kundi. Programu ya msomaji inatunza faili moja ya maandishi inaitwa .newsrc, kila kundi mstari wake, na mstari wenyewe uko hivi:

comp.lang.c: 1-4820,4823,4830-4911

Basi, hakuna kingine. Jina la kundi, nukta mbili kuonyesha umejiunga (ukijitoa inakuwa alama ya mshangao), alafu mafungu ya namba ulizosoma. Hapo kuna meseji 4,903 zilizosomwa na zimekaa kwenye herufi 34 tu! Inawezekana kwa sababu watu wanasoma kwa mfululizo, na hata zile ulizoruka, seva ikishazifuta kwa uzee programu inazihesabu kama zimesomwa, mapengo yanajifunga yenyewe na mstari unarudi kuwa mfupi. Ni kama mwalimu ambaye darasa karibu lote limekuja, haandiki jina moja moja, anaandika "namba 1 hadi 20 wamekuja, 22 hadi 40 wamekuja", na aliyekosa anaonekana kwenye pengo.

Sasa linganisha na programu moja ya hapa hapa mjini niliyoombwa kuitazama. Kila meseji ina safu yake kwenye databesi na ndani yake kuna alama ya "imesomwa", kwa hiyo mtu akibonyeza "soma zote" simu inaanza kuandika upya maelfu ya safu moja moja, skrini inaganda, betri inakwisha, mtu anaitukana simu. Kwa mafungu ile kazi ni kuandika upya mstari mmoja tu, fungu moja kuanzia 1 hadi namba ya mwisho. Na ukitaka kujua zilizobaki, unachukua zilizopo kwenye seva unatoa zilizosomwa, orodha zote mbili zimepangwa tayari, unazipitia mara moja umemaliza.

Sisemi mafungu yanafaa kila mahali. Kuna mtu anasoma kwa kurukaruka, na kuna meseji iliyotumwa vikundi viwili kwa pamoja, ukiisoma huku inabidi ihesabike kule pia, inatoboa tundu katikati. Chukua meseji milioni moja, msomaji amesoma moja ameruka moja, utapata mafungu laki tano na kila fungu linahitaji namba mbili, yaani kama baiti milioni 4 ukitumia namba za baiti nne. Hapo bora bitimapu, biti moja (0 au 1) kwa kila meseji, inakuwa baiti 125,000 vyovyote atakavyosoma. Ndo maana siku hizi kuna bitimapu za Roaring zinazogawa namba kwenye vipande vya 65,536, kila kipande kinachagua chenyewe kikae vipi, kama namba zake hazizidi 4,096 kinakuwa listi fupi, zikizidi kinakuwa bitimapu.

Ila waandishi wenzangu wa programu, msiweke hayo yote kwa namba ya seva peke yake jamani. Kila seva ina namba zake, ukihamia seva nyingine ile .newsrc haina maana tena, kwa hiyo lazima kuwe na jedwali la hashi (orodha ya kutafuta kitu haraka) kwa Message-ID, yaani kitambulisho cha meseji yenyewe, ambayo haibadiliki popote meseji iendapo, na hiyo hiyo ndiyo inaunganisha jibu na swali lake.

Kwa hiyo ombi langu, mkitathmini programu msitazame rangi na vitufe tu. Chukueni simu ya bei ya chini, jazeni kundi meseji elfu hamsini, bonyezeni "soma zote" mhesabu sekunde. Alafu izimeni ghafla katikati ya kazi, kwa sababu huku kwetu betri inaisha na umeme haupo, muwashe muone kama imekumbuka mlipofika. Iliyoandikwa vizuri inaandika faili jipya pembeni kwanza, likikamilika ndo inalipa jina la lile la zamani.

Mwandishi wa programu,
Ntinda, Kampala